Ile Hela Usiitume: Jinsi ya Kuifundisha Simu Kumjua Tapeli

“Ile hela usiitume huku, itume kwenye namba hii.” Hakuna mwenye simu Tanzania asiyeujua ujumbe huu. Aliyeuandika hamjui anayemwandikia, hajaahidiwa hela na mtu yeyote, na laini anayoitumia huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu ambaye hana habari. Anaumwaga kwa watu wengi kwa mkupuo mmoja kwa sababu anajua jambo moja la hakika: saa yoyote ya mchana, yupo mtu anayesubiri namba ya kutumia hela. Kodi ya chumba, ada ya mtoto, mchango wa harusi, malipo ya kiwanja. Huyo akiingia, tapeli amepata mshahara.

Mwongozo huu ni wa kumharibia mshahara huo. Utachukua kompyuta yoyote inayowaka, utaiwekea Python na maktaba ya scikit-learn, ambazo zote ni za bure, kisha utaifundisha kutenganisha ujumbe wa tapeli na ujumbe wa shangazi. Hesabu inayotakiwa ni kuzidisha na kugawanya. Ugumu uko kwingine: kuchagua mifano, kuamua kosa lipi linaumiza zaidi, na kukataa kulewa asilimia nzuri. Hapo ndipo miradi mingi ya akili mnemba inapoangukia, na hapo ndipo tutakapokaa.

Anza na swali, mashine baadaye

Wapo wanaosikia akili mnemba wakakimbilia modeli kubwa kuliko zote, inayoendeshwa kwenye majengo mazima ya kompyuta ng'ambo, ili iwaambie kwamba mganga wa mali na mapenzi aliyewaandikia usiku si ndugu yao. Usiwafuate. Kupanga vitu katika mafungu kwa hesabu ni kazi kongwe. Mwaka 1936 Mwingereza Ronald Fisher alichapisha vipimo vya maua 150 ya iris, vilivyokusanywa na mtaalamu wa mimea Edgar Anderson. Maua yalikuwa ya spishi tatu, na kila ua lilikuwa na vipimo vinne tu: urefu na upana wa petali, urefu na upana wa sepali. Kwa vipimo hivyo Fisher alionyesha jinsi ya kuzitenganisha spishi, na hadi leo wanafunzi wengi wa fani hii huanza na jedwali lake. Kilichombeba ni swali fupi: ua hili ni la spishi ipi?

Swali lako nalo liwe fupi. “Je, ujumbe huu ni mbaya?” halitoshi, kwa kuwa ujumbe wa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu nao ni mbaya kwa anayeupokea. Tangazo la kubeti linakera, lakini halijajifanya kuwa mjomba wako. Andika maana kwenye karatasi kabla hujagusa kompyuta. Ninayoipendekeza ni hii: utapeli ni ujumbe unaojifanya umetoka kwa mtu au ofisi ambako haukutoka, au unaoahidi mali isiyokuwepo, ili mpokeaji atoe hela au namba yake ya siri. Mengine yote, hata yanayochosha, yaende fungu la pili. Matangazo ukitaka yape fungu lake la tatu.

Kisha wape watu wawili jumbe zilezile, kila mmoja peke yake, waziwekee lebo. Wakitofautiana, usimlaumu yeyote. Rudi kwenye karatasi urekebishe maana. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Cohen, alitoa kipimo cha kukubaliana kwa waamuzi wawili, kinachoondoa yale wanayokubaliana kwa bahati tu. Kipimo hicho huitwa kappa, na kimo ndani ya scikit-learn. Ikiwa watu wawili wenye akili timamu hawaafikiani ujumbe upi ni wa tapeli, mashine haitakuwa na cha kujifunza.

Kusanya jumbe za kwenu

Ukitafuta intaneti jumbe fupi zilizokwisha kuwekewa lebo, utakutana haraka na mkusanyo unaotumika sana katika masomo ya fani hii. Una jumbe 5,574, na kati ya hizo 747 ni za uchafu. Sehemu kubwa ya jumbe za kawaida ilitoka kwa watu waliojitolea kuzitoa kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, na sehemu ya zile za uchafu ilitolewa kwenye tovuti ya malalamiko ya watumiaji wa simu nchini Uingereza. Zote ni za Kiingereza. Zimejaa milio ya simu, zawadi za bahati nasibu na namba zinazotoza ghali anayezipiga. Mashine iliyosomea hapo itamkamata mlaghai wa Uingereza wa enzi hizo bila shida, na itampokea tapeli wetu kwa mikono miwili, kwa kuwa haijawahi kuliona neno “hela.”

Hata ndani ya Afrika Mashariki huwezi kuazima tu. Mtindo uliozoeleka Kenya ni ule wa kujifanya umetumiwa pesa kwa makosa: unakuja ujumbe wa uongo unaofanana na wa M-Pesa, halafu mtu anapiga simu akilia urudishe. Mashine iliyofundwa Dar es Salaam kwa “ile hela” haitauona mchezo huo wa Nairobi, na Sheng ndiyo kabisa haitaambulia kitu. Kila mahali pakusanye pake.

Kwamba kukusanya nyumbani kunalipa, tumeshaona katika mihogo. Watafiti walipiga picha za majani ya mihogo yenye magonjwa katika mashamba ya majaribio ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA karibu na Bagamoyo, wakaifunza kompyuta kutofautisha batobato, michirizi ya kahawia na madhara ya utitiri. Kutoka kwenye kazi ya namna hiyo ikazaliwa programu ya Nuru ya PlantVillage, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi kwenye simu shambani bila intaneti. Picha za shamba la mbali, lenye udongo mwingine na jua lingine, zisingemfikisha mkulima huko. Kwa upande wa maandishi, mtandao wa watafiti wa Masakhane ulitoa mwaka 2023 mkusanyo wa habari zilizopangwa kwa mada katika lugha 16 zinazozungumzwa Afrika, na Kiswahili kimo. Njia ipo.

Waombe ndugu, majirani na wanachama wenzako wa kikoba wakupe nakala za jumbe zao. Kabla hujazihifadhi, ondoa kila jina, kila namba na kila kiasi cha fedha, uweke badala yake JINA, NAMBA na KIASI. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, aliyekupa ujumbe wake hakukupa ruhusa ya kumtangaza shemeji yake na madeni yake. Hesabu nayo inafaidika: mashine ikijifunza namba fulani ya simu, kesho tapeli atabadili laini na elimu yote itakuwa imekwenda na maji.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaoanza wanapoharibu. Wanakusanya jumbe za matapeli kwa bidii, halafu upande wa pili wanajaza salamu: “Umeamkaje,” “Nimefika salama,” “Nunua mchicha ukirudi.” Mashine inajifunza kwamba anayetaja hela ni mwizi. Siku mama mdogo atakapoandika kweli, “Mwanangu, simu yangu imezima, natumia ya jirani, naomba nitumie ya dawa kwa namba hii,” ataitwa tapeli na kompyuta iliyofunzwa kivivu. Dhahabu ya mkusanyo wako ni jumbe halali zinazofanana na utapeli: katibu wa kamati ya harusi anayetaja namba ya kupokea michango, shule inayotangaza akaunti mpya ya ada, fundi anayeomba malipo ya awali yapitie kwa mkewe. Zitafute hizo hasa. Kila moja ina thamani kuliko salamu mia.

Kisha kuna maumbile ya Kiswahili chenyewe. Programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Kiingereza hukata maandishi panapokuwa na nafasi na kuhesabu kila neno kivyake. Kwetu “tuma,” “nitumie,” “itume,” “umtumie” na “walivyotutumia” zitakuwa vitu vitano visivyojuana. Dawa ni rahisi: iambie programu ikate vipande vya herufi tatu hadi tano badala ya maneno. Kipande “tum” kimo ndani ya maneno yote hayo, na mashine itaona undugu wake bila kufundishwa sarufi. Vipande hivyo vinasaidia pia kwa wanaoandika “ntumie” au “nitumiee.” Kwa anayeandika “2ma,” itabidi uwe na mifano yake.

Hesabu ya mchungaji

Thomas Bayes alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri katika mji wa Tunbridge Wells, Uingereza. Alifariki mwaka 1761, na rafiki yake Richard Price akayapeleka maandishi yake yakachapishwa mwaka 1763. Wazo lake ni kwamba unaanza na dhana uliyonayo, kisha kila ushahidi mpya unaisogeza dhana hiyo mbele au nyuma kwa kiwango kinachohesabika. Agosti 2002 mwandishi wa programu Paul Graham alieleza jinsi ya kulitumia wazo hilo kuchuja barua pepe chafu, na vichujio vya namna hiyo vikaenea upesi.

Fanya hesabu hii kwa kalamu mara moja kabla hujamwachia mtu mwingine akufanyie. Ili isomeke kwa urahisi, tutatumia maneno mazima. Tuseme umekusanya jumbe 200: 40 za matapeli na 160 za watu wema. Kabla hujasoma chochote, uwiano wa tapeli kwa mwema ni 1 kwa 4, yaani 0.25. Neno “namba” limo katika jumbe 30 kati ya 40 za matapeli, sawa na asilimia 75, na katika 16 kati ya 160 za watu wema, sawa na asilimia 10. Gawanya 75 kwa 10: neno hilo lina uzito wa 7.5 kuelekea utapeli. Neno “ile” limo katika 24 kati ya 40, asilimia 60, na katika 8 kati ya 160, asilimia 5. Uzito wake ni 12. Ujumbe wenye maneno yote mawili unapata 0.25 mara 7.5 mara 12, jibu 22.5. Kwa lugha ya asilimia, 22.5 gawanya kwa 23.5 ni karibu asilimia 96. Tapeli huyo.

Ukiwa pia na “shikamoo” je? Tuseme neno hilo limo katika jumbe 2 kati ya 40 za matapeli na 40 kati ya 160 za watu wema: asilimia 5 kwa 25, uzito 0.2. Zidisha 22.5 kwa 0.2 upate 4.5, na asilimia inashuka hadi 82. Adabu imehesabiwa. Tutarudi kwenye adabu hiyo, maana tapeli naye ameiona.

Kuna shimo moja la kuziba. Neno “mchicha” halimo hata mara moja katika jumbe 40 za matapeli. Uzito wake utakuwa sifuri, na sifuri ikizidishwa na chochote inafuta ushahidi wote. Tapeli angehitaji tu kutaja mchicha ili apite. Mfaransa Pierre-Simon Laplace alishatuonyesha njia: usiliwekee sifuri jambo ambalo hujaliona bado. Ongeza 1 juu na 2 chini, kwa hiyo 0 kati ya 40 inakuwa 1 kati ya 42. Neno jipya litasogeza uamuzi kidogo bila kuuamrisha.

Hesabu hii inachukulia kwamba maneno hayajuani, kwamba “ile” na “hela” zimekutana kwa bahati. Si kweli, na kwa sababu hiyo asilimia zake huwa zinatia chumvi: itakwambia ina uhakika wa 99 wakati ilistahili kusema 85. Ila katika kazi ya kuamua fungu, mara nyingi sana inapatia, inafunzwa kwa sekunde chache, na inakuonyesha ni neno lipi lililoamua. Hilo la mwisho mimi naliweka juu ya mengine yote. Mashine inayomtuhumu mtu lazima iweze kutaja sababu.

Usilewe asilimia

Rudi kwenye ule mkusanyo wa jumbe 5,574. Mashine isiyosoma chochote, inayosema “halali” kwa kila kitu, itapatia mara 4,827. Hiyo ni asilimia 86.6. Kwa hiyo anayekuja kwako akitamba kwamba programu yake ina usahihi wa asilimia 87, muulize imemkamata nani.

Chukua mfano mwingine. Jumbe 1,000 zimeingia, 50 ni za matapeli. Mashine imetuhumu jumbe 60. Kati ya hizo 45 ni za matapeli kweli, 15 ni za watu wema. Matapeli 5 wamepenya. Makosa ni 20 kwa jumla, kwa hiyo usahihi wa jumla ni asilimia 98, na tangazo la biashara lingeandikwa kwa namba hiyo. Sasa uliza maswali mawili. Kati ya matapeli wote, imekamata wangapi? 45 kati ya 50, asilimia 90, vizuri. Kati ya waliotuhumiwa, wangapi walistahili? 45 kati ya 60, asilimia 75. Kila wanne waliotuhumiwa, mmoja hana hatia. Katika hao 15 huenda yumo daktari anayeeleza matokeo ya vipimo, na yumo mama mdogo wa simu iliyozima.

Kwa hiyo amua kosa lipi linaumiza, na uamue kabla ya kuangalia matokeo. Mjane akitapeliwa ada ya muhula mzima, mtoto anabaki nyumbani. Ujumbe wa mgonjwa ukifichwa, mtu anaweza kufa. Msimamo wangu katika hili haubadiliki: mashine isifute ujumbe wowote, na isiuhamishe kimyakimya. Iuache mahali pake, iuwekee onyo linaloonekana, na onyo lenyewe liseme la kufanya: “Mpigie kwanza kwa namba yake unayoijua.” Onyo lililokosea linamgharimu mtu simu moja ya dakika moja. Kwa gharama ndogo hivyo unaweza kuwa mkali zaidi, ukaonya hata kwa asilimia 60, na mama mdogo atapata dawa yake baada ya kusikika sauti yake.

Mtihani nao uwe wa haki. Ujumbe uleule wa tapeli huwafikia ndugu kumi, na wote kumi watakuletea. Ukizichanganya jumbe na kuzigawa ovyo, nakala moja itaingia darasani na nyingine kwenye mtihani, na mashine itafaulu kwa kukariri. Ondoa marudio kwanza. Kisha gawa kwa tarehe: ifunze kwa jumbe za zamani, ipime kwa zilizokuja baadaye, kwa kuwa huko ndiko itakakofanyia kazi. Makoto Koike, mhandisi wa Japani aliyerudi shambani kwa wazazi wake, alijenga mashine ya kupanga matango katika madaraja tisa, kazi iliyokuwa ikimchosha mama yake, na habari zake zikaenea mwaka 2016. Kwa picha za mtihani ilipita asilimia 95. Kwenye matumizi halisi ilishuka hadi kama 70. Alilisema hilo wazi, na kwa kulisema aliwasaidia wengi kuliko wanaotangaza 99.

Mkoa usiwe ushahidi

Ripoti za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa simu. Mtu mwenye haraka atasema: kama tunajua ujumbe umetokea wapi, tuipe mashine mkoa nao, usahihi utapanda. Inawezekana utapanda. Usifanye.

Fikiria mwalimu wa Sumbawanga anayemwandikia mzazi aliyeko Dar es Salaam kuhusu michango ya chakula cha wanafunzi. Maneno yake yana hela, yana namba, na yametoka Rukwa. Mashine itamwongezea uzito wa dhambi ambazo hakuzitenda, na hatajua kamwe kwa nini wazazi hawajibu. Wakulima, wafanyabiashara na wauguzi wa mkoa mzima watabeba mzigo huo kila siku, wakati tapeli mwenyewe anaweza kupanda basi akaandikia Mbeya. Ushahidi wa haki ni ule unaotokana na alichokifanya mwandishi: ameomba hela, ameomba namba ya siri, amejifanya mtu mwingine. Alikozaliwa au alikosimama si kitendo. Na usidhani kuondoa safu ya mkoa kunatosha, kwa kuwa lafudhi ya maandishi na majina ya mahali vinaweza kuurudisha mkoa kwa mlango wa nyuma. Baada ya kuifunza, pima makosa ya mashine kwa kila kundi la watu kando, uone nani anatuhumiwa bure zaidi ya wenzake.

Tapeli naye anasoma

Tumeona “shikamoo” ikimshusha tapeli kutoka 96 hadi 82. Akiongeza neno jingine la adabu lenye uzito huohuo, 4.5 inakuwa 0.9, na asilimia inaanguka hadi 47. Amepita. Mwaka 2005 watafiti Daniel Lowd na Christopher Meek walionyesha kwamba barua pepe chafu zinaweza kupenya vichujio kwa njia hii hasa, kwa kuongezewa maneno mema. Kwa hiyo usidhani ukishaifunza mashine umemaliza. Kila mwezi ongeza jumbe mpya, ifunze upya, ipime upya.

Na usitegemee maneno peke yake. Ipe mashine mambo ambayo tapeli hawezi kuyabadili kwa kuandika vizuri: namba hii imo kwenye orodha ya majina ya simu au haimo? Imewahi kuzungumza na mwenye simu kabla ya leo? Ujumbe wake wa kwanza kabisa unaomba hela? Mjomba wa kweli anaweza kubadili namba, lakini ni nadra abadili namba na aombe hela katika sentensi ileile, bila kutaja jina la mtoto hata mmoja wa ukoo.

Wapo waliotumaini kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole ungelimaliza tatizo lenyewe. Tarehe 20 Januari 2020 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili kwa njia hiyo, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Jumbe ziliendelea, kwa kuwa matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Ndiyo sababu kila mtu anashauriwa kubonyeza *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Fanya hivyo ukimaliza kusoma; ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wako ukaikane.

Nina ombi kwa walimu na wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vyetu. Kila mwaka miradi ya kumalizia shahada inaandikwa juu ya jumbe za Kiingereza za Uingereza na Singapore, kwa sababu ziko tayari. Tengenezeni mkusanyo mkubwa wa Kiswahili, uliosafishwa majina na namba, wenye maana ya utapeli iliyoandikwa na lebo za watu wawili kwa kila ujumbe, kisha muuache wazi bure kwa kila mtu. Kazi hiyo haihitaji kompyuta ghali wala ufadhili wa ng'ambo. Inahitaji uvumilivu wa kusoma jumbe nyingi za kuchosha.

Na wewe msomaji, ujumbe wa kitapeli ukikufikia leo, usiufute kwa hasira. Upeleke kwanza namba 15040 ya TCRA ili namba hiyo ishughulikiwe. Kisha uunakili kwenye faili lako, ondoa majina, uandike mbele yake “tapeli,” na siku hiyohiyo tafuta ujumbe mmoja wa kweli unaofanana nao, uuandikie “halali.”